Malalamiko: kompyuta mlizotuletea siyo kama ile mliyotuonyesha

Kwa Kitengo cha Mauzo,

Habari za kazi. Naandika kwa niaba ya watu wa IT hapa chuoni kuhusu zile kompyuta 40 za maabara. Kwenye simu kila siku naambiwa "tutakupigia", so bora tuandikiane.

Kabla hatujalipa mlituletea sampo, tukaiunga na sava yetu ya PXE (inayowasha mashine kupitia netiweki), ikabuti na Debian 10 (aina ya Linux) ikajiinstoli yenyewe mwanzo mwisho bila mtu kugusa kibodi, tukasema sawa leteni mzigo. Mzigo umekuja, boksi lilelile, modeli ileile, ila ndani kadi ya netiweki mmebadilisha, sampo ilikuwa na RTL8168 ya giga moja, hizi zina RTL8125 ya giga 2.5. Najua mtasema si ndo afadhali, spidi zaidi. Sasa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya hiyo kadi iliingia kwenye Linux toleo la 5.4 na Debian 10 inakuja na kerneli (kiini cha Linux) 4.19, kwa hiyo mashine inawaka, inavuta kerneli na initrd (kifurushi cha mafaili ya kuanzia) kutoka kwenye sava fresh kabisa maana hapo inatumia draiva ya femwea yake (programu iliyojengwa ndani ya mashine), halafu kerneli ikishaanza tu inadai haioni kadi yoyote. Yaani imeshushwa kupitia kadi hiyohiyo jamani!

Fundi wenu akajibu kirahisi, wekeni kerneli mpya. Tumeweka 5.10 ya backports (hazina ya Debian ya matoleo mapya zaidi), kadi ikaonekana, instola ikagoma eti haipati moduli (vipande vya kerneli, kama draiva), kwa sababu moduli lazima zifanane na kerneli iliyobuti, toleo likipishana kidogo tu hazikubali. Ikabidi tuifumue initrd, tupakie moduli humo kwa mkono, tuifunge upya. Tukavuka hapo, diski ya NVMe (diski ya kasi ya ndani) haipo! Kerneli yenyewe inaandika kwenye skrini kwamba tutoe BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwenye RAID tuweke AHCI, ambazo ni namna mbili za kuendesha diski (sampo ilikuwa AHCI), kwenda BIOS tunakuta paswedi. Risiti tunayo sisi, paswedi mnayo nyie, hii imekaaje? Na hata tukitaka kujenga kerneli yetu wenyewe Secure Boot (kinga inayoruhusu mashine kuwaka na programu zenye sahihi inayoitambua tu) itaikataa kwa kukosa sahihi, na kuizima ni kwenye BIOS hiyohiyo.

Msituambie tuhamie Debian mpya pia, programu ya mitihani inataka 10 na kwenye oda tuliandika wazi.

Tunachotaka: paswedi ya BIOS wiki hii, kadi 40 za giga moja za kuchomeka kwa gharama yenu au mzigo urudi, na siku nyingine mkibadilisha kifaa chochote mtutumie kwanza namba zake za PCI (za kukitambulisha kifaa), hii kwa mfano ni 10ec:8125, sekunde mbili tu tungejua haiwezekani. Malipo yaliyobaki mhasibu ameshaambiwa asubiri mpaka mashine moja, tutakayoichagua sisi, ijiinstoli mbele ya fundi wenu.

Msimamizi wa maabara