Pima amelala, pima amesimama: taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama

Ndugu wanachama, wazee wangu shikamooni. Nawashukuru nyote mliofika, na nawashukuru pia waliobaki nyumbani kwa sababu kuna mtu hawezi kuachwa peke yake hata kwa saa moja.

Katika mkutano mkuu uliopita mama mmoja alisimama kule nyuma akauliza: "Mbona kila kikao tunazungumzia kutetemeka? Mume wangu hatetemeki. Yeye anaanguka." Swali lile ndilo lililotupa kazi ya mwaka mzima. Chama chetu kilianza kikiwa cha familia zenye wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa, lakini ndani yetu wamo wenye ugonjwa mwingine unaofanana nao, ambao madaktari huuita MSA, maana yake kusinyaa kwa mifumo mingi kwa pamoja. Mume wangu ni mmoja wao. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikikaa sana hapo. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na vitabu viko mezani kwa yeyote anayetaka kuvifungua.

Ugonjwa huu ulipewa jina hilo mwaka 1969, na madaktari wawili, Graham na Oppenheimer, walioona kwamba magonjwa matatu yaliyokuwa yakiandikwa mbalimbali ni ugonjwa mmoja wenye sura tatu. Ni adimu: hesabu za Ulaya zinaonyesha watu kama 4 au 5 katika kila 100,000. Huanza mara nyingi mtu akiwa na miaka hamsini na kitu, umri ambao kwetu bado ana ada za shule za kulipa. Hauambukizi, na kwa kawaida haurithiwi. Ndani ya ubongo kuna protini iitwayo alfa-sinukleini ambayo hujikusanya mahali isipotakiwa. Katika Parkinson hujikusanya ndani ya chembe za neva zenyewe. Katika MSA hujikusanya zaidi kwenye chembe zinazozivika neva ala yake. Basi zinaharibika sehemu nyingi kwa pamoja: zinazoendesha mwendo, zinazoshika mizani ya mwili, na zile zinazofanya kazi bila sisi kuziagiza, kama presha, kibofu, jasho na pumzi ya usingizini.

Kupata jina huchukua muda mrefu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye wakazi zaidi ya 160,000. Waliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huo. Hiyo ni Parkinson, ambayo kila daktari ameisoma. MSA hujificha nyuma yake.

Sasa niseme la daftari. Tulinunua mashine nne za presha za kuzunguka kwa zamu, na kila familia ikapewa daftari la shule. Utaratibu ni huu: mgonjwa alale dakika tano, umpime. Asimame, umshike, umpime baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ni presha inayoanguka kwa kusimama. Asiyeweza kusimama apimwe ameketi, miguu ikining'inia.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la mume wangu umeandikwa hivi: amelala, 152 kwa 90. Amesimama dakika ya tatu, 88 kwa 54, na pembeni nimeandika "anasema macho yanaingia kiza, shingo na mabega yanauma kama aliyebeba ndoo". Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akipimwa kliniki ameketi, baada ya kukaa kwenye benchi, na tukaambiwa ana presha ya kupanda. Akapewa dawa ya kushusha. Nilimpa mimi kwa mkono wangu, kila asubuhi na glasi ya maji, dawa iliyokuwa inamwangusha mlango wa bafuni. Simlaumu mhudumu yeyote. Nasema ili asiwepo mwanachama mwingine wa kufanya hivyo bila kujua. Tena dawa ya presha haiachwi kienyeji: peleka daftari kwa daktari, aone namba zote tatu, yeye ndiye aamue.

Familia saba zimepeleka madaftari yao kliniki mwaka huu. Wanne walibadilishiwa dawa. Wawili walipata kwa mara ya kwanza rufaa ya kumwona daktari bingwa wa neva.

Yapo ya kufanya nyumbani pia, na mengi tumefundishana wenyewe. Glasi mbili za maji, kama nusu lita, zinywewe kwa mkupuo kabla ya kutoka kitandani. Kuinuka kwa vituo: kaa kwanza, ning'iniza miguu, chezesha vifundo, ndipo usimame. Milo midogo midogo, kwa sababu sahani ya ugali iliyojaa hushusha presha. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali, maana presha hiyo hiyo inayoanguka akisimama hupanda sana akilala bapa. Chumvi, ambayo wengine tunakatazwa, huenda yeye akaambiwa aongeze. Hilo pia ni la daktari. Na kibwebwe: kanga iliyokazwa vizuri tumboni kabla ya kusimama, kama anavyofungwa mzazi, huzuia damu isikusanyike chini. Mama mmoja wa kundi letu la Jumamosi alituonyesha jinsi ya kuikaza akianzia chini ya kitovu, na mumewe akasimama mbele yetu mpaka akamaliza kutusalimia. Nyakati za joto la Dar es Salaam, kuanzia Desemba mpaka Machi, muwe macho zaidi. Na anayeswali, kutoka sijida kwenda kusimama ndipo pabaya. Aswali ameketi, dini imemruhusu.

Kuhusu mkojo tumekuwa na aibu mno. Kibofu huharibika mapema: haja ya ghafla, kuamka mara nyingi usiku, kujikojolea, au kubakiza mkojo bila kujua. Mwanamume wa umri huo akisema hivyo, kila mtu hufikiria tezi dume. Wapo wenzetu waliofanyiwa upasuaji wa tezi na wakatoka hali zao zikiwa mbaya zaidi, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye neva. Kabla ya kukubali kisu, muulize daktari kama presha imepimwa akiwa amesimama, na omba ultrasaundi ya mkojo unaobaki baada ya kwenda haja. Anayebakiza mwingi anaweza kufundishwa kujitoa mkojo kwa mpira mara kadhaa kwa siku, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni. Na kina mama, kwa wanaume wenye ugonjwa huu nguvu za kiume mara nyingi hukatika miaka kadhaa kabla ya dalili nyingine. Nawajua wake waliodhani kuna mwanamke mwingine. Nimewaomba wenyewe ruhusa ya kulisema hapa, wakanipa.

Mwendo nao una sura mbili. Wapo wanaokakamaa na kuwa wazito, wanaofanana na Parkinson. Wengine huyumba, hutanua miguu na kukokota maneno, mpaka majirani wanadhani ni pombe. Levodopa, ile dawa ya Parkinson, husaidia kama theluthi moja ya wenye MSA, na mara nyingi si kwa muda mrefu. Isipofanya kazi si kwamba ni bandia au kwamba hamkumeza vizuri, na isikatishwe ghafla.

Usiku kuna mambo mawili. Kupiga ngumi na kupiga kelele ndotoni kunaweza kutangulia dalili nyingine kwa miaka. Godoro likae chini au mito iwekwe pembeni, na wanaotafuta kuombewa waombewe, lakini na daktari aambiwe. La pili ni zito zaidi: sauti nyembamba kama mluzi mtu anapovuta pumzi usingizini. Huo si mkoromo wa kawaida. Ni koo linalojibana, na mgonjwa anaweza kufa usiku. Rekodi kwa simu, uipeleke hospitali kesho yake, usingoje tarehe ya kliniki.

Kuhusu kumeza nitasema kwa kifupi: maji matupu hupalia kuliko uji. Mkalishe wima, kidevu chini kidogo, na mkimwona anakohoa kila mlo, mwoneni daktari kabla kifua hakijaingia maradhi.

Kuna jambo moja linaniumiza. Sauti ikipotea, watu huacha kusema na mgonjwa, husema na mimi. "Amekula? Amelala?" Naye yupo pale pale. MSA haiondoi akili kama wengi wanavyodhani. Mume wangu hutumia ubao wa herufi tulioukata kwenye kadibodi. Mwezi Agosti mgeni aliniuliza, "Anaelewa lakini?" Yeye akasogeza kidole polepole: N-A-K-U-O-N-A. Nawaomba wote, mtembeleeni mgonjwa, kaeni mbele ya macho yake, ulizeni, kisha ngojeni jibu, hata likichukua dakika tatu.

Mwaka huu tumewazika wenzetu wawili. Wengi huishi miaka 6 hadi 10 tangu dalili za kwanza, wengine zaidi. Familia zao bado ni wanachama, na viti vya magurudumu walivyoturudishia vimekwisha kwenda kwa wengine.

Hatukufanikiwa kupata mtaalamu wa mazoezi wa kuja kila mwezi, nauli ilitushinda. Pia hatujatimiza azma ya kuwa na kikundi cha kupumzisha wauguzaji, na hilo nalihesabu kuwa kosa langu, maana wauguzaji wetu wamechoka. Kamati inaomba mpitishe ongezeko la ada ya mwezi kwa ajili hiyo tu, liwe na kitabu chake peke yake.

Tarehe 3 Oktoba ni siku ya MSA duniani. Mwaka ujao tunataka kukaa siku hiyo nje ya zahanati za mitaa yetu na mashine zetu nne, meza na mkeka, tukiwapima wazee wamelala na wamesimama, kwa ruhusa ya waganga wafawidhi. Wanaotaka kujitolea waandike majina kwa katibu kabla hawajaondoka. Kikao cha kwanza cha mwaka ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi, hapa hapa. Njooni na madaftari.