Hopsi sio uchungu tu

Mhariri, habari za kazi. Makala yenu ya juzi kuhusu bia ilisema hopsi ni maua ya kutia uchungu, basi, mkapita. Mimi mzaliwa wa Kibosho, Kilimanjaro, sasa niko jimbo la Washington huku Marekani ambako bonde la Yakima ndo linalima hopsi nyingi kuliko sehemu yoyote ya nchi hii, na napika bia nyumbani, kwa hiyo naombeni nafasi kidogo maana jambo lenyewe nalipenda sana.

Hopsi zina aina nyingi na kila moja ina tabia yake. Kinachouma ulimini ni asidi ya alfa, Saaz ya Cheki inayo kama asilimia 3 au 4 hivi, Cascade iliyotoka Oregon mwaka 1972 iko kwenye 5 mpaka 7, Citra inafika 11 mpaka 13. Sasa mtu akifika dukani akaona namba kubwa anajua ndo bora! Nami nilifanya hivyo, nilikosa Saaz nikabeba Citra, gramu 60 kwa gramu 60, nikachemsha saa nzima, bia ikatoka chungu kama shubiri, na ile harufu ya embe na pasheni ambayo ndo watu wanaifuata kwenye Citra yote ilishaenda na mvuke, lita 20 nikamwaga. Iliniuma.

Hopsi ya uchungu inaingia mwanzo wa kuchemsha, ya harufu inasubiri dakika 5 za mwisho au hata moto ukishazimwa, wengine wanaitia bia ikiwa imeshachachuka kabisa. Na aina inafuata bia unayoitaka, laga ya Kicheki inataka Saaz maana inanukia majani na viungo kwa upole, ukitaka balungi chukua Cascade, ndo hiyo iliyoipa umaarufu bia ya Kimarekani Sierra Nevada Pale Ale kuanzia 1980.

Kwetu Uchagani mbege, pombe ya ndizi, inatiwa gome la mti wa msesewa na kazi yake ni hiyo hiyo, uchungu wa kukata utamu wa ndizi. Bibi yangu hakutia kwa kubahatisha, alionja kwanza gome la mti huu na la mti ule ndo anapima. Naomba mwandishi wenu aende Uchagani awaulize wapishi wa mbege wanachaguaje msesewa, hiyo makala nitaisoma mara mbili.

Msomaji wenu, Washington