Usikubali kusagwa magego

Morogoro

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Nimezipata habari za taya lako na hilo wazo la kusagwa magego, yaani kupunguzwa juu. Uliponiambia taya linalia "ka" kila ukipanua kinywa, nilicheka. Langu alikuwa akilisikia hata jirani wa kiti kwenye daladala.

Mwaka jana nilihangaika na sikio la kushoto miezi minne. Dawa ya matone, vidonge, na sikio lenyewe zima! Aliyegundua ni daktari wa meno. Aliniwekea vidole mbele ya masikio, akaniambia nipanue kinywa taratibu. Jaribu, utausikia mfupa ukiteleza. Hicho ndicho kiungo cha taya, kimepakana na sikio, ndiyo maana maumivu yake hujifanya ya sikio. Ndani mna kisahani cha gegedu, ule mfupa laini. Kikiwa kimehama kidogo, kikirudi mahali pake ndipo kinalia. Mlio mtupu, bila maumivu wala taya kukwama, kwa kawaida hauhitaji tiba.

Sasa hilo la kusagwa magego ili meno yakutane vizuri, nakusihi subiri kwanza. Yule daktari alinisimulia kwamba mwaka 1934 Mmarekani mmoja, Costen, daktari wa masikio, aliandika kuwa mtu akipoteza magego taya hukaa vibaya na kuleta maumivu ya sikio. Maelezo yake yalikuja kukataliwa, ila imani ya kulaumu mpangilio wa meno haijafa. Na jino likishasagwa halioti tena. Kama umezibwa jino juzi na kizibo kimekaa juu, hapo sawa, kipunguzwe hicho kizibo.

Mimi kumbe nilikuwa nasaga meno usingizini. Mume wangu alidhani ni panya! Nikatengenezewa kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku (utatoka udenda kama mtoto, vumilia). Nikawa nakanda taya kwa kitambaa cha moto, nikaacha jojo, miwa na mahindi ya kuchoma. Mchana najikagua: midomo imefumba, meno hayagusani. Yako sasa hivi unaposoma yamegusana, nakujua.

Vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, vinaingia kinywani? Visipoingia, au taya likikwama, usikae nyumbani, nenda hospitali.

Mama mpe shikamoo yangu. Nikija Idi msinipikie pweza, bado namwogopa.

Wako,
Zuhura