Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Kijiji nacho kinadai

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KURUDISHA MATOKEO YA TAFITI KWA WALIOHOJIWA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mtendaji wa kijiji mstaafu. Nilifanya kazi hiyo katika vijiji viwili vya Wilaya ya Kondoa, kimoja kikiwa jirani na Kolo penye michoro ya miambani, na sasa naishi hapa Dodoma mjini, mwendo wa daladala tu kutoka ofisini kwako Mtumba. Ningeweza kuileta barua hii masjala kwa mkono, lakini jambo lenyewe linawahusu pia wahadhiri na wanafunzi, nami ningependa nao waisome.

Siku ya kukabidhi ofisi nilimwachia mwenzangu jalada nililoliandika ubavuni neno moja, "Utafiti". Ndani yake mlikuwa na barua za utambulisho tu. Kila barua ilikuwa imepita njia ile ile: imetoka chuoni ikiwa na saini kwa niaba ya Makamu Mkuu wa Chuo, ikaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na kwa mtendaji wa kata, hadi ikatua mezani kwangu imejaa mihuri na maneno "tafadhali mpe ushirikiano". Nami ushirikiano niliutoa. Mmoja alikuja kuuliza kaya zinapata nini kutokana na watalii wanaokuja kutazama michoro. Mwingine, wa mambo ya kompyuta, alitaka kujua kwa nini ushuru unachelewa kuwasilishwa benki ilhali wakusanyaji wana mashine za POS, nikampandisha kilimani nilikokuwa nikipanda mwenyewe kutafuta mtandao. Wa tatu alifuatilia wazazi wanaoshindwa kumudu gharama za chuo hata baada ya mtoto kupata mkopo. Wa nne alinihoji mimi mwenyewe juu ya usimamizi wa watumishi wa umma, kama fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi, na baadaye mfumo wa PEPMIS ulioshika nafasi yake, vimeniongezea ari ya kazi au vimeniongezea kazi. Katika jalada hilo hamkuwa na karatasi hata moja iliyorudi.

Nakumbuka mchana mmoja chini ya mkwaju, mwanafunzi wa shahada ya uzamili akimsomea mzee mmoja dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza. Sentensi yenyewe ilisema: "Ushirikishwaji wa jamii unaathiri uendelevu wa bidhaa za utalii." Mzee alitakiwa achague kati ya nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali na sikubali kabisa. Akaomba asomewe tena, akasomewa. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi uhakika ninao. Swali lako ndilo halina." Watu wakacheka, kijana naye akacheka, akaweka alama kwenye "sina uhakika". Baada ya hapo mzee alieleza kwa karibu nusu saa jinsi baba yake alivyokuwa akiwapeleka watu kutambika, nani aliruhusiwa kuingia pangoni na nani alibaki nje, na kwa nini wengine huumwagia mwamba pombe ya kienyeji. Muda wote huo kalamu ya kijana ilikuwa imelala juu ya karatasi, kwa kuwa dodoso halikuwa na kisanduku cha maelezo hayo.

Miaka kadhaa baadaye binti yangu, aliyekuwa akisoma kompyuta, aliikuta tasnifu ya kijana yule kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo ambacho sitakitaja, maana hili si lake peke yake. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya mia. Tuliisoma jioni tatu, yeye akitafsiri na mimi nikisikiliza. Kijiji changu kimo, kwa jina, na idadi ya kaya niliyoitaja mimi imo. Mzee naye yumo, ndani ya asilimia ya wale "wasio na uelewa wa kutosha kuhusu urithi wa dunia". Alikuwa amekwisha kufariki, na Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba hakuyasikia. Sisemi kuwa kijana alikuwa mtu mbaya; sura yake ya mwisho ilikuwa na mapendekezo ya maana juu ya kuwafundisha vijana wa kijiji kazi ya kuongoza wageni, na yalielekezwa waziwazi kwa serikali ya kijiji. Serikali ya kijiji, Mheshimiwa, ilikuwa mimi, mwenyekiti wangu na halmashauri yetu, na hatukuwahi kuyaona.

Tungeyaona, yangetufaa. Michoro ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mtaalamu wa mambo ya kale Mary Leakey alikuwa amekwisha kuja kuinakili mwaka 1951, kwa hiyo sisi ni watu waliozoea kuandikwa. Hata hivyo, pale Mongomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, wapo watu waliochimba ardhi ya pangoni wakitafuta dhahabu inayosemekana kuzikwa na Wajerumani wakati wa vita, wakaharibu tabaka ambazo wataalamu wa mambo ya kale wangezisoma kama kitabu. Mtu hachimbi mahali alipoelezwa kwa lugha yake kilichomo na kisichomo. Maelezo hayo yapo, ila yapo katika majarida ya Kiingereza, mengine ya kulipia kwa dola.

Nimekuandikia wewe kwa sababu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Tume ya Vyuo Vikuu na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia zote ziko chini ya wizara yako. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na miongoni mwa vipengele vya mkopo wake kimo cha utafiti. Nakifahamu kwa kuwa wazazi walikuja na fomu za watoto wao niwagongee muhuri kabla hawajakwenda kwa Kamishna wa Viapo. Mtoto yule akishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kulipa deni hilo. Basi fedha ni za umma, anayezirejesha ni mtoto wa mkulima wa alizeti, walioeleza ni wakulima wenzake, na tasnifu inasomwa na msimamizi na watahini. Mtafiti wa kigeni anayepewa kibali na Tume ya Sayansi anadaiwa taarifa na Tume. Mwanakijiji hamdai mtu yeyote kitu chochote.

Ombi langu ni dogo. Mwanafunzi anapomaliza chuo hupitisha fomu ya kuthibitisha kuwa hadaiwi: maktaba wanasaini, mhasibu anasaini, bweni wanasaini kwamba godoro lipo. Naomba Tume ya Vyuo Vikuu ielekezwe kuongeza mstari mmoja, wa mahali alikokusanya data. Aandike kurasa mbili za Kiswahili, alichouliza, alichoambiwa, alichokiona na anachopendekeza, zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, au zibandikwe kwenye ubao wa ofisi husika kama aliwahoji watumishi. Si lazima apande basi. Karatasi itumwe kwa simu, mtendaji ataichapisha. Wananchi wakisema "hivi sivyo tulivyosema", maoni yao yaambatanishwe.

Najua nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi. Lugha iliyotupatia "kishikwambi", ambacho makarani walikibeba nyumba kwa nyumba kwenye sensa ya mwaka 2022, haitashindwa na kurasa mbili. Tena Bunge letu hapa Dodoma linapitisha bajeti nzima kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Wasiwasi wangu mimi ni mwingine, nao nausema kwa kuwa nimekaa kwenye kiti kile: muhuri huuzwa. Mtendaji mmoja mvivu anaweza kugonga muhuri kwamba kurasa zile mbili zimesomwa, kumbe hazijasomwa. Ndiyo maana napendekeza ziambatanishwe na nakala ya muhtasari wa kikao wenye mahudhurio, jambo ambalo ni gumu zaidi kughushi kuliko muhuri.

Binti yangu aliyaandika mapendekezo ya tasnifu ile kwa Kiswahili: ukurasa mmoja na robo, kazi ya jioni moja. Nimeyapeleka Kondoa kwa basi la asubuhi. Mtendaji aliyeshika nafasi yangu amenipigia simu kwamba ameyapokea, ameyaweka kwenye jalada lile, na kwamba yamo katika ajenda za mkutano ujao, baada ya suala la mifugo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtendaji wa kijiji mstaafu,
Dodoma.