Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati na Petroli: boti zetu hazipiti barabarani

MINT: KWA NINI TWALALAMIKA BEI YA PETROLI

Mheshimiwa Waziri,

Kila tarehe 14 ya mwezi, mamlaka ya kudhibiti nishati iliyo chini ya wizara yako hutangaza bei za mafuta zitakazoanza saa sita usiku. Huku Mombasa tangazo hilo huzunguka kwa WhatsApp kabla ya taarifa ya habari. Bei ikiwa imepanda, wenye tuktuk hukimbilia vituoni, na si ajabu mtu kuambiwa mafuta yamekwisha. Alfajiri yakawapo.

Nimewasikia wakubwa wakisema wananchi hulalamika kwa kuwa hawaelewi soko la dunia. Mheshimiwa, hilo soko twalielewa. Meli za mafuta hupita hapa Likoni, mbele ya macho yetu, zikielekea gati la Kipevu. Kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, kwa hivyo petroli yote tunayochoma imesafishwa nchi za watu. Tangu 2023 serikali inayapata mafuta kwa mkopo wa siku 180 kutoka kampuni za Saudia na Emirati. Ghuba ikichafuka, twajua tutaumia, na hakuna waziri wa Kenya awezaye kuituliza. Hata lile swali la vijiweni, mbona bei ya Mombasa ni pungufu ya Nairobi kwa shilingi 3 hivi tu ilhali mafuta yanashukia kwetu, mimi silibebi. Kuyasukuma kwa bomba hadi bara ni gharama ndogo kwa kila lita. Uzito wa bei uko kwingine.

Mimi ni nahodha wa faiba, boti ya injini ya farasi 40, upande wa Likoni. Safari ya kawaida nje ya mwamba hunila lita 40. Na kila lita ya petroli inayouzwa nchini ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Piga hesabu: kabla sijatupa mshipi, nimeshatoa shilingi 1,000 za kukarabati barabara. Barabara gani, Mheshimiwa? Tukishapita mlango wa bahari ni mawimbi na miamba mpaka turudi.

Tena katika hizo 25, shilingi 7 zimeshawekwa rehani ili zipatikane pesa za kulipa madeni ya makandarasi. Maana yake shilingi 280 za safari yangu moja zinalipia lami iliyomwagwa zamani, huko bara, na aliyeimwaga pengine bado anangoja cheki.

Kisa cha hizo 7 ndicho kinachotukereketa. Julai 2024 ushuru huo ulipandishwa kutoka 18 hadi 25. Mwezi huo huo bei ya petroli Nairobi ilipungua kwa shilingi moja, tukaambiwa tushukuru. Bei ya nje ikipanda, kituoni yapanda yote. Ikishuka, kuna mkono unaotangulia kuchukua. Na hatujasahau yaliyotangulia: Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa, bei ya Nairobi ikaruka kutoka 159.12 hadi 179.30. Julai 2023 VAT ya mafuta ikatoka asilimia 8 ikawa 16. Oktoba mwaka huo tukafika 217.36. Kuna na ushuru wa maendeleo ya petroli, shilingi 5.40 kwa lita, tulioambiwa ni akiba ya kutukinga bei ikifura. Ilipofura, wengi wetu hatukuiona kinga.

Sasa nikueleze ni nani hasa anayeumia, maana ukitazama kutoka Nairobi waweza kudhani ni mwenye boti. Hesabu yetu hufanywa pwani, samaki wakishapimwa. Karani wa banda hufungua daftari na kuandika gharama kwanza: petroli, oili ya kuchanganya, barafu, chakula cha baharini. Hizo hukatwa zote. Kinachosalia ndicho hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, na la kila baharia. Kwa hivyo petroli ikipanda, hakuna anayelipa ziada hiyo kutoka mfukoni. Hupunguka tu mafungu, na baharia ambaye hana chombo wala wavu, ana fungu lake moja, ndiye huenda nyumbani na pesa za unga pekee. Msimu wa kusi ni balaa zaidi, kwa kuwa injini inapambana na wimbi, mafuta yanakwenda na samaki hawaji. Nimeona safari imerudi na tasi kidogo na kolekole mmoja, ikakatwa mafuta, pakawa hakuna cha kugawa. Vijana walicheka, lakini si kicheko.

Mama karanga, yule mkaanga samaki, naye yuko pale pale anangoja. Akiuziwa ghali, atapunguza ukubwa wa kipande, na mteja wake wa jioni atalalamika bila kujua analalamikia ushuru wa barabara.

Na serikali ndiyo inayotuhimiza tutoke karibu na pwani, twende maji makuu, samaki wa mwambani wapumue. Ushauri mzuri. Lakini kadiri nendavyo mbali ndivyo nilipavyo barabara.

Najua ushuru huu uko kwa mwenzako wa Barabara, si kwako. Ila tangazo la bei latoka kwako, na nyinyi mwakaa meza moja ya baraza. Ninaloomba ni boti ndogo za uvuvi zirudishiwe shilingi hizo 25. Afrika Kusini huwarudishia wavuvi wao ushuru wa dizeli, kwa hivyo si jambo la ajabu. Mtasema tutachukua petroli rahisi tuwauzie bodaboda. Hofu hiyo ina msingi, sitaki kudanganya, wajanja tunao. Ndiyo maana siombi petroli ya bei nafuu kituoni. Nalipe bei ya kila mtu, kisha nirudishiwe baadaye kwa namba ya usajili ya boti na rekodi ya samaki niliowashusha, ambayo BMU, kamati yetu ya kusimamia ufuo, huiandika kila siku. Boti isiyoshusha samaki haipati kitu.

La pili ni dogo. Mchanganuo wa bei, ushuru mmoja mmoja, utolewe kwa Kiswahili na ubandikwe kwenye mabanda ya samaki na steji za matatu. Hasira nyingi zinatokana na kutajiwa jumla tu.

Ukipenda kuja kutusikiliza mwenyewe, njoo Ijumaa baada ya sala. Siku hiyo wengi wetu hatuendi baharini.

Wako mwaminifu,
Nahodha, Likoni, Mombasa