Kwa nini siku ya Idi tunafunga lango la magari saa 9 alasiri

Idi ya Mfunguo Mosi iliyopita, mteja wetu wa miaka mingi alifika langoni saa 9 na robo. Gari limejaa watoto waliovaa nguo mpya. Mbele yake amesimama kijana wetu, kamba mkononi, na nyuma ya kijana, ndani ya kiwanja, zinaonekana nafasi tupu zipatazo 15.

"Samahani, ami, njia ya kuingia imefungwa."

Hakusema neno kali. Alizunguka akaenda zake. Usiku alituandikia: mnamrudishaje mtu aliyetoka Majengo na watoto sita, hali nafasi anaziona kwa macho yake?

Ana haki ya kuuliza, na hakuwa peke yake aliyerudishwa siku ile. Haya ndiyo majibu yetu kwake na kwa wenzake.

Sisi ni biashara ndogo ya maegesho karibu na Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, ambao mji mzima huuita Pirates. Tuna kiwanja kimoja kando ya barabara fupi inayoteremka kutoka Barabara ya Malindi hadi mchangani, na vijana 11 wenye reflekta, koni na redio za mkononi. Siku ya kawaida mtu anaingia, anaegesha, anakwenda kuoga, anarudi, na hakuna la kueleza. Kazi yenyewe iko kwenye sikukuu.

Ile saa 9 hatukuipanga kwa kutazama magari. Tuliipanga kwa kutazama maji.

Idi ya Mfunguo Mosi huja mwezi unapoandama, na mwezi ukiandama bahari huwa kwenye bamvua. Maji hupwa mbali mpaka miamba ikachungulia, na yakijaa hujaa kwelikweli. Hapa Mombasa maji ya bamvua huwa yamepwa mwendo wa saa 4 au 5 asubuhi, na huwa yamejaa mwendo wa saa 10 au 11 jioni. Mvuvi yeyote wa huku analijua hilo tangu utotoni. Tofauti ya kimo kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na kwa ufuo uliolala kama huu wa Bamburi, mita 3 za maji zinameza mchanga mwingi mno.

Sasa tazama siku ya Idi inavyokwenda. Asubuhi ni swala. Kisha ni nyumbani, pilau, kuzuru jamaa, watoto kukusanya mkono wa Idi. Saa 4, mchanga ulipo mpana kuliko siku nyingi za mwezi, ufuoni utawakuta watu wa kuhesabika. Familia zinaanza kuteremka saa 8 mchana, na bahari nayo saa hiyo inapanda. Wanakutana njiani. Ikifika saa 10 umati wote umebanwa kwenye ukanda mwembamba chini ya mivinje. Kina mama wanakunja mikeka, wauza viazi karai wanasogeza meza, wenye tyubu za kuogelea wanazikusanya, ngamia wanapandishwa juu. Na wote hao, wakitafuta pa kusimama, wanaishia sehemu moja: kwenye barabara yetu fupi.

Kwa miaka kadhaa hatukuliona hilo. Tulidhani watu wataondoka magharibi, kwa hiyo tulipokea magari hadi kiwanja kijae, na kila gari tulilolipatia nafasi tulihesabu kuwa tumemhudumia mtu. Kumbe siku ya bamvua wimbi la kutoka linaanza saa 10, wakati wimbi la kuingia halijakatika.

Idi moja, kijana wa kama miaka 16 alitolewa majini na waokoaji akipumua kwa shida. Ambulensi iliitwa, ikafika upesi Barabara ya Malindi, na hapo ikakwama. Barabara ya kuteremkia ilikuwa imezibwa: magari yanayoingia upande huu, yanayotoka upande ule, na tuktuk mbili zilizojaribu kupenya katikati zikashindwa kwenda mbele wala nyuma. Tulimlaza yule kijana kwenye mkokoteni wa muuza madafu, tukakimbia naye tukipiga mayowe watu wapishe. Alipona, alhamdulillahi. Mama yake alikuja wiki iliyofuata kutushukuru, na shukrani zile zilituchoma, kwa sababu magari yale tuliyakaribisha sisi wenyewe, kila moja kwa shilingi 200.

Tangu siku hiyo tulibadilisha utaratibu.

Siku za bamvua lango la kuingia linafungwa saa 9, saa moja au zaidi kabla maji hayajajaa. Kuanzia hapo gari za wateja wetu zinatoka tu. Upande mmoja wa barabara unaachwa mtupu, na koni zinapangwa kutoka juu hadi chini. Mwenye pikipiki atakuja kutuomba apite hapo dakika moja tu, na mwenye gari kubwa atasema anamfahamu mtu fulani. Jibu ni lile lile. Upande ule ni wa ambulensi na wa gari la waokoaji, na usipopitiwa na gari hata moja siku nzima, tunalala tukishukuru.

Na zile nafasi 15 alizoziona ami? Kiwanja kilichojazwa hadi kona ya mwisho hakitoki. Gari la ndani haliwezi kugeuka mpaka la mbele yake lisogee, na la mbele mwenyewe yuko majini na ufunguo umo kwenye mfuko wa shemeji yake. Tukiacha nafasi za kugeuzia, kiwanja kinamwagika bila mtu kumgoja mwingine. Tukizijaza, tunakuwa tumemkubalia ami kuingia saa 9 na robo ili akae ndani ya gari na watoto sita hadi usiku akisubiri kutoka. Nafasi chache kati ya hizo zina kazi nyingine pia: ni za wazee, wajawazito na wenye viti vya magurudumu walioagiza mapema. Hao hata saa 9 ikipita wanaingia, kwa sababu kijana wetu anazo namba za magari yao mkononi, na mmoja wetu anawatembeza kutoka garini hadi kivulini.

Jambo la pili linalowaudhi wateja ni kukatazwa kushusha watu mwisho wa njia, mchangani kabisa. Nalielewa. Mtu ana sufuria ya biriani, ana mkeka, ana bibi yake. Lakini hesabu ni hii. Matatu ya abiria 14 ikisimama pale chini inachukua dakika 2 kwa uchache: mlango, mizigo, mtoto aliyeacha kiatu chini ya kiti, chenji ya makanga. Njia ni moja, kwa hiyo dakika hizo 2 kila gari lililo nyuma limesimama. Kwa saa nzima zitapita gari 30 tu, hata kama juu zinasubiri 200. Foleni ikishagusa Barabara ya Malindi haiwi tena shida ya waogeleaji. Anayekwenda Mtwapa kumwona mgonjwa anakaa humo, matatu za kutoka mjini zinakaa humo, na askari wa trafiki, ambao barabara kuu ni yao, wanalazimika kufunga njia yote ya kuteremkia. Ndiyo maana tunashushia watu ndani ya kiwanja, kisha mnatembea. Ni mwendo wa dakika chache, na vijana wetu wawili wana mikokoteni ya kubebea sufuria na mikeka bila malipo. Bibi asiyeweza kutembea anahesabika pamoja na wale wazee wa kuagiziwa, kwa hiyo tupigie simu kabla.

Pesa nazo tumeziondoa mlangoni. Zamani tulitoza langoni, na kila dereva alikuwa na noti ya 1,000 au alikuwa anangoja ujumbe wa M-Pesa ambao siku ya umati, kila mtu ameshika simu, huchelewa. Sasa ingia kwanza, egesha kwa rivasi pua ya gari itazame njia ya kutokea, kisha kijana atakufuata na namba ya till. Wapo wachache wanaoondoka bila kulipa. Hasara hiyo tumeikubali, na bado ni nafuu kuliko gari 40 kusimama barabarani zikingoja chenji.

Hapa niseme jambo moja kuhusu malipo, maana tunaulizwa sana na wageni kutoka bara. Shilingi 200 zetu ni za kulilaza gari kiwanjani na kulitazama. Si za bahari. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya maji ya kujaa na maji ya kupwa kuwa ardhi ya umma, na ndiyo hiyo mnayoikanyaga mkienda kuoga. Ukija kwa miguu kutoka steji, pita mbele ya kiwanja chetu kwa amani, hudaiwi kitu na sisi. Vijana wetu wakikuita watakuwa wanakuuliza kama mtoto wako ana namba ya simu mwilini.

Tafadhali msilichukulie hilo kwa wepesi. Siku ya Idi au ya Krismasi mtoto wa miaka minne anapotea kwa kuinama kuokota kombe. Kabla hamjatoka nyumbani andikeni namba ya mzazi kwenye mkono wa mtoto kwa kalamu isiyotoka majini. Mkisahau, tunayo kalamu langoni. Na mkubaliane pa kukutana, pawe mahali pasipohama. Mti ni bora kuliko meza ya muuza achari, kwa sababu meza itasogezwa maji yakija.

Wengine wameuliza kwa nini Idi ya Mfunguo Tatu hatukufunga saa 9. Ni Idi, umati ni ule ule, lakini bahari si ile. Idi hiyo huja siku ya 10 tangu mwezi kuandama, bamvua imekwisha na maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye maji mafu, yaani siku ambazo hayajai wala hayapwi sana. Hujaa karibu na adhuhuri, hayapandi sana, na alasiri yanapwa. Mchanga unazidi kupanuka kadiri watu wanavyozidi kuja, na hakuna anayesukumwa na maji. Siku hiyo tatizo linahamia magharibi, kila mtu anapotaka kuondoka pamoja kabla ya giza. Kwa hiyo lango la kuingia tunaliacha wazi hadi saa 11, na nguvu zetu zote tunazielekeza kwenye kutoka: safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa zamu, hata kama wa safu ya nne ana haraka.

Krismasi na Mwaka Mpya hufuata kalenda nyingine, kwa hiyo hizo kila mwaka tunazitazamia mwezi upya. Mwaka 2023 mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia tarehe 27 Disemba, na mwezi mpevu una bamvua yake kama mwandamo. Mwaka 2026 utakuwa mpevu tarehe 24, kwa hiyo wateja wa Krismasi ile wajipange kama watu wa Mfunguo Mosi: lango saa 9.

Wenye kutaka kufaidi siku ya bamvua nawashauri jambo ambalo wachache hulifanya. Siku ya pili ya Idi njooni saa 4 asubuhi. Maji yako mbali, watoto wanacheza kwenye vidimbwi, mchanga ni mgumu wa kuchezea mpira, na kiwanjani mtachagua mti wa kuegesha chini yake. Mtakapokuwa mmeshiba jua, wengine ndio wanafika. Na anayependa jioni tu, upepo na muhogo wa kuchoma, siku hiyo nampeleka kwa moyo mmoja kwenye bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari kule kisiwani Mombasa. Tangu ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa 2019 pana pa kutembea na pa kukaa, na kwa kuwa iko juu ya jabali, maji yajae yapwe, nafasi haipungui. Ni mteja ninayempoteza siku moja, lakini sitaki akae na watoto kwenye foleni yangu.

Makundi ya madrasa, makanisa na shule yanayokuja na mabasi yanahitaji mpango tofauti kidogo. Basi halishuki kabisa siku za sikukuu, hata asubuhi, kwa sababu kuligeuza huku chini ni kazi ya robo saa. Litasimama mahali tutakapokubaliana juu, mtapokewa na vijana wetu watatu, na watoto watateremka wakiwa wameshika kamba moja. Tuambieni idadi yao siku tatu kabla, na mtueleze kama yupo mwenye pumu au kifafa. Majina hatuyahitaji, twahitaji kujua tu ili mmoja wetu abaki karibu.

Saa za lango tunazibandika mlangoni na kuwatumia wateja wetu kwa simu wiki moja kabla ya kila sikukuu. Kwa Mfunguo Mosi ni saa 9 siku ya kwanza, saa 9 na nusu siku ya pili, saa 10 siku ya tatu, kwa sababu maji huchelewa kama dakika 40 au 50 kila siku. Mwezi usipoonekana usiku ule tunaoutazamia, ratiba yote inasogea siku moja mbele, nasi tutawatumia ujumbe mwingine usiku huohuo. Ami wa Majengo tumeshamwekea nafasi Idi ijayo, chini ya mkwaju, saa 4 asubuhi.