Mhariri, watu waache kukata kichwa mikrismasi

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma kweli. Mikrismasi, ile miti ya kivuli yenye maua mekundu, inaharibiwa, na wanaoiharibu ni watu wanaoipenda. Mtu anaona mti umeanza kusogelea bati, au mizizi inainua sakafu ya nje, anaita kijana na msumeno anakata kichwa chote kinabaki kigogo, eti utachipua vizuri. Utachipua ndiyo, ila vile vichipukizi vinatoka vingi kwa mpigo na vimejishikiza juu juu tu, vikishanenepa upepo mkali ukija vinabanduka na pale palipokatwa maji yanaingia, ukuni unaanza kuoza kwa ndani. Mbao ya mkrismasi ni laini, kidonda kikubwa hakizibi kirahisi. Sasa ndo umekuwa mti wa hatari kabisa.

Shida inaanzia siku ya kupanda. Huu mti kwao ni Madagaska, kwenye misitu mikavu, umezoea jua na nafasi. Unafika mita 10 mpaka 15 kwenda juu na matawi yake yanatanda kama mwavuli, mara nyingi upana unazidi urefu, mizizi nayo inatambaa karibu na uso wa ardhi na ina nguvu. Sasa unaupandaje mita mbili toka ukutani?? Upe mita 10 hivi toka kwenye nyumba, mabomba na shimo la maji taka, na kama kiwanja hakitoshi tafuta mti mdogo tu, hakuna aibu.

Mbegu ganda lake gumu, ukizifukia hivi hivi zinaweza kukaa sana bila kuota. Kwaruza ubavuni kwa msasa, au zimwagie maji ya moto uziache humo usiku kucha, zilizovimba ndo za kupanda. Mche usiukalishe kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, mpaka mzizi ukajikunja.

Halafu kazi yenyewe ya panga, kama mtu anaitaka, iwe mti ukiwa bado mdogo. Chagua shina moja liende juu, matawi ya chini yatoe kidogo kidogo miaka inavyokwenda yakiwa bado membamba, na ukiona mawili yamebanana yamepanda pamoja toa moja, maana hapo ndipo mti unapopasukaga ukishakuwa mzito. Unapokata usiingie kwenye ule uvimbe wa shingo ya tawi, pale linapoungana na shina, na wala usiache kisiki kirefu, huo uvimbe ndo unaofunika kidonda. Mtu akifanya haya mapema hatahitaji kumuita wa msumeno baadae.

Kuna na wanaokata kwa sababu hautoi maua. Jamani, mkrismasi wa mbegu unaweza kuchukua miaka 5, mwingine hata 10, na ukiumwagia maji kila siku na mbolea yenye naitrojeni nyingi unakupa majani tu. Mche mchanga ndo unataka maji, ukishashika ardhi uache uonje kiangazi. Kivuli pia hautaki. Na ukipukutisha majani wakati wa ukame haujafa, kwaruza gome la kitawi kwa ukucha uangalie, kukiwa na kijani chini yake subiri mvua.

Kwa wenye miti mikubwa iliyokwisha kufika nyumbani, punguza tawi moja moja kuanzia linapotokea na fanya hivyo maua yakishaisha. Kama mizizi imeharibu ukuta na hakuna namna basi ng'oa wote, upande mwingine mbali, kuliko kubaki na kigogo kinachooza juu ya watoto. Mhariri, mkimpata bwana miti muombeni aonyeshe kwa picha namna ya kukata tawi, wengi wetu tutaelewa haraka tukiona.

Msomaji wenu